Kivinjari cha watoto wa chekechea: Edge, Kiwix au kufunga ukurasa mmoja?

MleziRau (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Tuna darasa la awali huku Rau, watoto wa miaka 4 hadi 6, wengi bado hawajui kusoma. Tumepata laptopu za mtumba na vishikwambi viwili. Nataka wafungue hadithi na picha za wanyama bila kuangukia matangazo ya kubeti. Nimeona njia tatu: hali ya watoto ya Edge (kivinjari cha Microsoft), Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia iliyopakuliwa) isiyokula bando, au kivinjari cha kawaida kifungwe kioneshe ukurasa mmoja tu. Mnashaurije?

FundiSakina (Arusha)
Edge ilileta hiyo hali mwaka 2021, na iligawa umri mara mbili: miaka 5 hadi 8, na 9 hadi 12. Kutoka humo ni mpaka nywila, na tovuti ni zile zilizoruhusiwa tu. Mtoto wa darasa la tatu inamfaa sana. Wako hapana. Ule mstari wa anwani bado uko juu, na kwa asiyejua herufi kazi yake ni moja tu: kumpoteza.

NjoroTehama
Mbona mnazunguka? Weka DNS (huduma inayotafuta anwani za majina ya tovuti) ya Cloudflare, 1.1.1.3, kwenye ruta. Inazuia tovuti za ngono na zenye virusi, bure kabisa. Kwisha habari.

FundiSakina
Iwekwe, sikatai. Ila inazuia jina zima la tovuti, kilichomo ndani haikioni. Ukiruhusu YouTube umeiruhusu yote. Tena mwenzetu anauliza mtoto atashika nini mkononi, na hilo DNS hailigusi.

BabaKiborloni (Moshi)
Kiwix tunayo nyumbani. Wikipedia ya Kiswahili inaenea kwenye memori kadi ya kawaida; ya Kiingereza yenye picha ndiyo inapita gigabaiti 90. Uzuri wake mwingine, kompyuta moja inawagawia wengine kwa Wi-Fi hata bando likiisha. Lakini nisiipambe: ni makala. Mwanangu alikuwa anatazama tembo, akagusa neno la buluu, akajikuta kwenye jangwa la Sahara, kilio. Mpe mwalimu, siyo mtoto.

MwlAwali_Njiro (Arusha)
Baba Kiborloni umesema kweli. Mlezi, chukua njia ya tatu, ila ugumu wake uko kwenye huo ukurasa wenyewe.

Mtoto wa miaka minne habonyezi kama sisi. Anaweka kidole, anakisahau palepale huku anaongea na mwenzake, na kishikwambi kinadhani anataka menyu. Mara kiganja cha mkono wa pili kinagusa pembeni, ukurasa umeondoka. Google wanashauri kitufe kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), kama milimita 9 hivi, na hapo wanamfikiria mtu yeyote, siyo mtoto. Mimi naweka picha nne tu kwenye kioo kizima, na nafasi ya kutosha katikati yake. Hakuna kuteremsha ukurasa, maana kisichoonekana kwa mtoto hakipo. Picha ya nyumba ya kurudia mwanzo ikae kona ileile siku zote.

Halafu picha ikiguswa ibadilike papo hapo, hata rangi tu. Isipobadilika atagonga na kugonga, na hadithi zitafunguka zote kwa mkupuo.

Mwisho sauti: akigusa mbuzi, asikie "mbuzi". Chrome tangu 2018 hairuhusu sauti ianze kabla mtu hajagusa ukurasa, kwa hiyo usitegemee salamu ianze kulia yenyewe. Anza na picha moja kubwa ya kugusa.

FundiSakina
Mwalimu amemaliza. Kufunga kwenyewe ni rahisi: kwenye laptopu anzisha Firefox kwa amri ya --kiosk, inayofungua ukurasa kioo kizima bila menyu, ipo tangu toleo la 71 la mwaka 2019. Alt+F4 bado inaitoa. Chekechea hawaijui, ila ukiwachanganya na darasa la nne wataigundua kabla ya uji. Zima padi ya kugusa, wape kipanya. Kwenye Android tumia kubandika skrini (kishikwambi kinabaki kwenye programu moja), ipo tangu toleo la 5, na uwashe iombe PIN.

MleziRau
Nimewaelewa, ukurasa mmoja basi. Hadithi nitoe wapi nisije nikaiba kazi ya watu?

MwlAwali_Njiro
African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto mtandaoni. Za Kiswahili zipo, leseni yake ni huria, unapakua na kuziweka kwenye laptopu yenyewe. Soma masharti ya kila hadithi na uache jina la mwandishi lilipo.

NjoroTehama
Na DNS?

FundiSakina
Kama kila kitu kiko ndani ya laptopu na Wi-Fi imezimwa, DNS ya nini mkuu?

MleziRau
😂 Mwalimu, hizo sauti ulirekodi kwa kifaa gani?

MwlAwali_Njiro
Simu tu, ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Darasani jogoo wa jirani alikuwa anaingia kwenye kila neno.