Mjadala: Nyumba ya jirani ikipata nyufa, nani athibitishe kwamba shimo ndilo chanzo?

Mleta mada: Kabla ya kuchimba shimo refu katikati ya mji, mkandarasi huwasilisha hesabu zinazoonyesha kwamba nyumba za jirani zitatitia milimita chache tu, na kwamba nyufa, zikitokea, hazitazidi upana wa milimita 5, kiwango ambacho wahandisi hukihesabu kuwa uharibifu mdogo. Sizipingi hesabu hizo. Napinga kuzigeuza kinga ya mkandarasi dhidi ya madai, kwa sababu zinachukulia kwamba ukuta wa kuzuia udongo utajengwa kama ulivyochorwa. Mwaka 2008, katika mtaa wa Vijzelgracht mjini Amsterdam, maji na mchanga vilipenya kwenye kasoro za ukuta wa zege wa kituo cha treni ya chini ya ardhi, na nyumba za kale zilizokuwa kando zikatitia zaidi ya sentimita 10, kwanza mwezi Juni, kisha nyingine mwezi Septemba. Tarehe 3 Machi 2009 jengo la hifadhi ya nyaraka la mji wa Cologne liliporomoka kando ya shimo la namna hiyo, na watu 2 wakafa. Kwa hiyo anayechimba ndiye athibitishe kwamba hahusiki.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, hayo ni mashimo ya treni, si ya maegesho ya ghorofa moja chini. Huku kwetu nyumba nyingi zimeongezewa ghorofa juu ya misingi ambayo hakuna mwenye michoro yake. Ukimbebesha mkandarasi mzigo wote, atadaiwa hata ufa wa miaka 20.

Mleta mada: Hofu yako ni ya haki, na dawa yake ni kukagua na kupiga picha kila ufa kabla ya kazi kuanza, mwenye nyumba akiwepo na akibaki na nakala. Lakini udogo wa shimo haunitulizi. Penye mchanga na maji ya karibu, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, pampu inayokausha shimo hushusha maji hata chini ya nyumba isiyopakana nalo, na udongo, ambao maji hayo yalikuwa yakiubebea sehemu ya uzito wake, hushindiliwa. Basi vipimo vya kutitia na vya kina cha maji visomwe mara kwa mara, na kiwango cha kusimamisha kazi kiandikwe ndani ya kibali. Msomaji wa vipimo asilipwe na mkandarasi: mwenye mradi aweke fedha halmashauri, nayo imlipe.