Naomba ushauri: mdogo wangu amevunjika paja, wazee wanataka tumtoe hospitali

Mleta mada
Habari zenu, wanajamvi. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda, amegongwa na gari na mfupa wa paja umevunjika katikati, ingawa ngozi haikuchanika. Yupo hospitali ya mkoa, mguu umevutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Daktari anataka kumpa rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, akawekewe chuma, lakini baba zetu wadogo wanadai kwamba chuma huota kutu mwilini na wanataka apelekwe kwa mganga wa mifupa kijijini. Kikao cha familia ni Jumamosi. Niwaeleze nini?

Muuguzi Mstaafu
Pole sana, ndugu. Uzito ule kazi yake ni kuunyoosha mfupa na kuizuia misuli ya paja isivute vipande vikapandana, mguu ukabaki mfupi. Mtu mzima akitibiwa kwa njia hiyo pekee hulala wiki 6 hadi 12, na wakati huo tunachohangaika nacho wodini ni vidonda vya makalioni, damu kuganda mishipani na goti kukakamaa. Kama upasuaji unapatikana, asicheleweshwe.

Kwetu Kilosa
Mimi ninacho chuma hicho pajani. Ni fimbo ya chuma cha pua, hakioti kutu. Hupitishwa ndani ya mfupa, kwenye uboho, kisha hufungwa kwa skrubu juu na chini. Siku iliyofuata nilisimamishwa kwa magongo, japo mfupa wenyewe ulichukua miezi kadhaa kuunga. Uliza pia kama watatumia vyuma vya SIGN, ambavyo shirika la Dkt. Lewis Zirkle wa Marekani huzipatia hospitali shirikishi kama msaada. Uliza hilo kabla hamjauza shamba.

Mzee wa Baraza
Msiwabeze wazee, maana wamewahi kuona mikono ya watoto ikiunga kwa vijiti. Paja la mtu mzima ni jambo jingine, na vijiti vikikazwa mno damu haifiki vidoleni, mguu huoza na mwisho wake ni kukatwa. Mwombe daktari picha ya eksirei uende nayo kikaoni. Wakiona vipande vilivyopishana, mabishano yatapungua yenyewe.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Wakati tunasubiri rufaa, tuangalie nini?

Muuguzi Mstaafu
Katika siku 3 za mwanzo, akianza kuhema kwa shida au kuongea mambo yasiyoeleweka, mwiteni daktari papo hapo, kwa kuwa mafuta ya uboho yanaweza kuingia kwenye damu na kufika mapafuni. Fanyeni hivyo pia vidole vikifa ganzi au maumivu yakizidi licha ya dawa. Asivute sigara, kwani huchelewesha mfupa kuunga. Na safari iwe kwa gari la wagonjwa, mguu ukiwa umefungiwa banzi. Msimkunje kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo.