Kaka kagawa fidia ya shamba kama pilau ya harusi, na nyumba niliyojenga mimi imo humo humo!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, pakikosewa mahali mnisamehe.

Tumezaliwa watano, wanaume wawili, wanawake watatu. Mama yupo hai, naishi naye. Baba alifariki 2015 akaacha shamba njia ya Pangani, ukishapita Tongoni. Kijiji sikitaji wala mradi wa serikali uliolitwaa siutaji, maana huku kwetu Tanga watu tunajuana kwa kikohozi.

Mimi nilirudi kwenye shamba hilo 2009 ndoa iliponishinda. Baba mwenyewe akanionyesha pa kujenga, akasema "hapa, ila minazi yangu usiiguse." Nikajenga kwa hela ya kukaanga samaki, chumba kimoja kimoja, mpaka vikafika vitatu, tofali na bati. Risiti za bati ninazo hadi leo, zimefifia lakini zinasomeka. Nikapanda mikorosho na malimau upande wa nyuma uliokuwa pori tupu. Ndugu zangu walikuwa wanakuja Idi, wanapakia madafu kwenye buti, wanaondoka. Mji wetu unaitwa waja leo warudi leo, hawa walikuwa hawangoji hata chai ipoe.

Ikaja habari ya kutwaliwa. Ghafla kila mtu akapajua shambani.

Siku wathamini wanafika, mimi nilikuwa hospitali na mama. Kaka yetu mkubwa alishatoka Dar tangu jana yake. Mnajua inavyokuwa, mnahesabiwa miti, nyumba inapimwa, ukutani wanaandika namba, na mwenye mali anapigwa picha ameshika kibao chenye namba hiyo hiyo. Aliyepigwa picha mbele ya nyumba yangu ni kaka. Akawaambia waandike jina moja tu, yeye, kwamba ndiye msimamizi wa mirathi, familia isije ikachelewesha mradi. Nilirudi nikakuta namba imeshakauka ukutani.

Na hapa nikiri ujinga wangu kabla hamjanisema. Usimamizi huo alipewa na Mahakama ya Mwanzo kwa muhtasari wa kikao cha familia, na sahihi yangu imo. Nilitia sahihi nikiwa nageuza samaki jikoni, sikusoma. Kumbe mna mstari unasema msimamizi ndiye atakayepokea "malipo yote yahusuyo shamba".

Hela ilipoingia kwenye akaunti yake, alikuja na kanzu yake nyeupe, akatukalisha mkekani, akafungua kwa aya za Suratun-Nisaa. Mama thumuni, yaani fungu moja kati ya nane. Yanayobaki, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Ukihesabu kwetu inakaa sawia kabisa: mama 1, kaka wawili 4, sisi wanawake 3, jumla 8. Kwenye Suratun-Nisaa sina ubishi, na atakayekuja hapa kuanzisha ligi ya dini sitamjibu.

Ubishi wangu ni huu: alichokigawa ni nini?

Alitangaza 41,562,000. Akatoa 3,000,000 "za ufuatiliaji" (nauli ya Dar siku hizi ni ya ndege?). Zikabaki 38,562,000, akagawa kwa nane. Mimi 4,820,250. Fungu la mama akasema "namtunzia". Jumlisheni wenyewe: mafungu yake mawili, la mama, na ufuatiliaji, mtu mmoja kaondoka na 17,460,750.

Nikaenda kwa mtendaji kuomba kuona jedwali la fidia. Wakuu, nilikaa chini. Fidia haiji kama donge moja! Imechambuliwa mstari kwa mstari. Ardhi 16,000,000. Minazi mikongwe ya baba 4,000,000. Nyumba 13,000,000. Mikorosho na malimau 3,600,000. Posho ya makazi 1,800,000, yaani kodi ya 50,000 mara miezi 36. Posho ya usafiri 600,000, ile ya kuhamisha tani 12 kwa kilomita 20. Iliyobaki 2,562,000 ni posho ya usumbufu.

Sasa niambieni, marehemu anahama? Posho ya makazi na ya usafiri hulipwa kwa sababu kuna mtu anaishi pale anatolewa. Lingekuwa shamba tupu wasingelipa hata senti ya hizo mbili. Anayetolewa ni mimi na mama. Kaka ana nyumba yake Dar, mdogo wake yuko Muheza kwa mumewe, lakini wote wamekula kodi yangu ya miaka mitatu.

Nilimuuliza shehe mmoja hapa Ngamiani, akanijibu kwa ufupi kwamba marehemu harithiwi asichokuwa nacho. Kwanza unatenga kilicho chake, ndipo unafungua mafungu. Cha baba ni ardhi na minazi, 20,000,000. Ukigawa kwa nane, fungu langu 2,500,000, naipokea kwa mikono miwili. Nyumba, miti niliyopanda, makazi na usafiri ni 19,000,000, hizo si mirathi. Jumla 21,500,000 kabla hata hatujagusa usumbufu, ambao nao tungeugawa kwa uwiano. Nimepewa milioni nne na ushee.

Nilipompigia kaka kumweleza, alisema nyumba imefuata ardhi, na ardhi ni ya baba. Nikamwambia basi wathamini walikuwa wajinga kuiandika mstari wake? Akasema mimi mwanamke nimeanza kusoma majedwali. Akakata simu. Dada zangu nao wananung'unika pembeni tu, kila mmoja anaogopa kuitwa mvunja udugu.

Kuna jingine limenishtua. Nimeambiwa msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa arudishe Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha Namba 6 ya hesabu za mirathi kila mahakama inapopanga. Wa kwetu ana karibu miaka miwili. Sijaona fomu, mama hajaona, hakuna aliyeitwa kusaini. Halafu sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikizidi kuna riba. Yetu ilipita mwaka. Kwenye hiyo 41,562,000 riba sijaiona. Kama haikulipwa, msimamizi wetu mfuatiliaji wa milioni tatu alifuatilia nini?

Wale mtakaosema "yamalizeni kifamilia", tumeshakaa mara mbili. Kikao cha kwanza alikuja na ubwabwa, cha pili hakuja.

Naomba majibu ya waliopitia, wala si ya kubahatisha. Je, nianze na ombi la kumtaka alete hesabu, au moja kwa moja naomba avuliwe usimamizi? Risiti za bati na ushahidi wa jirani aliyeshuhudia baba akinionyesha pa kujenga vitatosha? Na fungu la mama naweza kulidai mimi, au lazima mama mwenyewe asimame, na miguu yake hii?

Notisi ya kuhama imebaki siku 19. Leo asubuhi nimeenda Mwahako kuulizia chumba na sebule, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Waliowahi kudai kwenye jalada la mirathi Mahakama ya Mwanzo, mlianza na barua, au mlifika tu kwa karani mkaomba jalada?