Ukimaliza chuo cha kilimo: uajiriwe shambani, ulime mwenyewe au uwe bwana shamba?

Kitalu: Wanafunzi wengi hulinganisha mshahara wa mwezi na mauzo ya msimu, hapo ndipo hesabu inapopotoka. Linganisheni faida, na muda ambao pesa inalala shambani. Nyanya hukaa kitaluni kama wiki 4, kisha siku 70 hadi 90 ndipo uchume. Miezi hiyo unakula nini? Kuku wa nyama anatoka wiki ya 6.

Banda_Kavu: Kuku nao wana yao. Kufika kilo 2 anakula zaidi ya kilo 3 za chakula, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama. Chelewa kuuza wiki moja tu, faida inaishia kwenye vyombo vya chakula. Halafu kuna chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, ambayo hunyweshwa kwenye maji: wengine huitia kwenye maji ya bomba yenye klorini, inakufa, kisha wanalaumu aliyewauzia. Tangulizeni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita ya maji, msubiri dakika 20 ndipo mtie chanjo. Kuku wayamalize maji hayo ndani ya saa 2.

Pima_Kwanza: Kuajiriwa shamba kubwa kunadharauliwa bure. Unajifunza kwa mtaji wa mwingine huku unalipwa. Ila cheti peke yake hakitoshi; utapewa bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, upime linatoa kiasi gani. Jaza maji, nyunyizia mita za mraba 100 kwa mwendo wako wa kawaida, pima yaliyopungua. Yakiwa lita 3, hekta inataka lita 300, na bomba la lita 16 linamaliza mita za mraba 530 hivi. Kibandiko kikisema nusu lita ya dawa kwa hekta, kila bomba ni mililita 27. Anayekisia kwa kifuniko cha chupa ataunguza majani, au atapunja dawa hadi wadudu waizoee.

Mche_Mmoja: Na ugani je, yaani kuwa bwana shamba wa kushauri wakulima?

Kitalu: Mshahara unaeleweka, lakini siku nyingi ni barabarani na kwenye ripoti. Anayekimbia udongo asidhani kapona huko. Mkulima atakuletea mnyanya ulionyauka ungali kijani, anataka jibu papo hapo. Kata shina, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ute mweupe ukishuka kama uzi, ni mnyauko bakteria. Usimwandikie dawa ya kupuliza, haitausaidia. Ang'oe mmea na mizizi yake, na hapo asirudishe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo.