Kujengea chemchemi ya kitongoji: mvua ikinyesha maji yanakuwa tope

Kaya20: Wakuu, kitongoji ni kaya 20, kama watu 100, na chemchemi ni moja tu, chini ya mteremko. Watu wanatumbukiza ndoo, mifugo inanywa hapohapo. Mawe, saruji na bomba vipo. Tuanzie wapi?

Fundi Maji: Saruji isubiri. Pimeni maji kwanza, mwishoni mwa kiangazi yakiwa machache kabisa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 2, hiyo ni lita 600 kwa saa. Watu 100 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 2,000 kwa siku, kwa hiyo yanatosha. Kazi ni foleni: kila kaya ikileta madumu 3 asubuhi, ni saa mbili nzima.

Kisha fukueni mkiyafuata maji hadi jicho lenyewe, yaani pale yanapotokea ardhini. Msitoboe udongo mgumu wa chini, maji yatazama. Jengeni ukuta mbele ya jicho, na bomba la kutolea maji LIWE CHINI ya usawa wa jicho. Chemchemi nyingi hufia hapa: bomba likikaa juu, maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanalemea jicho, yanatafuta njia nyingine. Yakishahama, kuyarudisha ni vigumu mno. Nyuma ya ukuta jazeni mawe yaliyooshwa, halafu kokoto, halafu udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri.

Mteremko: Naongezea. Tope la mvua kwa kawaida linashuka kutoka juu, si la jicho. Chimbeni mtaro wa kukinga mita 8 hadi 10 juu ya jicho, uyapeleke maji ya mvua pembeni, na uzio upite hapo. Ndani ya uzio pandeni nyasi. Mizizi ya miti mikubwa hupasua ukuta. Choo kisiwe upande wa juu, na kiwe mbali angalau mita 30. Mifugo ijengewe birika lake chini kabisa, lipokee maji yanayomwagika.

Kaya20: Asanteni sana. Na foleni je, tangi la lita ngapi?

Fundi Maji: Lita 3,000 zinatosha, kwa kipimo kile litajaa usiku kwa muda wa saa 5. Ila bomba la kuingizia tangini nalo liwe chini ya jicho, na la kumwagia ziada lifungwe wavu, vyura wasiingie.