Munatuuzisha stilo ao munatuuzisha bwati? Hasira yangu juu ya hizi stilo za wino za bei ya chini hapa Lubumbashi

Bandugu muvumilie urefu, leo nimejaa mpaka pa koo. Naandika juu ya bale benye kuuzisha stilo za wino hapa Lubumbashi, ba ku mapapetri ya katikati ya muji, ba ku meza za pembeni ya barabara, mpaka na bale ba mu WhatsApp benye kukutumia foto mingi za bwati na hakuna hata foto moja ya maandishi. Siongelee zile stilo za bei kali za kusainia mikataba ya mugodi. Naongelea ile ya kila siku, ya dola 5 mpaka 20, yenye mwalimu ao mwanafunzi ao karani anaweza kujibania makuta akainunua ili aandikie kazi.

Na musianze kuniambia ni majivuno. Miye ni mwalimu wa sekondari, naandika siku nzima: fishi za kutayarisha masomo, zhurnali ya klasi, kusahihisha makaye, na mwisho wa periode ni pointi na buletini. Biki sina ugomvi nayo, iko sokoni tangu 1950 na kwa bei hakuna yenye kuishinda, lakini wino yake ni nzito, ya mafuta, na kale kampira kadogo pa ncha hakazunguke kama hausukume, kwa hiyo jioni kidole cha kati kinakuwa na kibonyo na mukono yote inauma. Stilo ya wino haitake nguvu. Wino yake ni maji na rangi, inashuka yenyewe mu mufereji mwembamba wa plime (kile kiulimi cha chuma pa ncha), karatasi inaivuta, na hewa inapanda ndani kuchukua nafasi yake. Lewis Waterman, mutengenezaji wa stilo, alipata hati ya huo mufumo kule New York mu 1884, na hizi za leo zingali zinafanya kazi kwa njia ile ile. Ukiisukuma unaiharibu. Njo sababu mutu wa kuandika sana anaitafuta, basi.

Sasa sikieni. Naingia ku papetri moja, sitaitaja, naona stilo nyeusi ya chuma, uzito wake muzuri mu mukono, iko ndani ya bwati ya kitambaa cha kung'aa. Dola 15. Nalomba tu kuchovya ncha mu wino niandike mistari mbili. Kijana anakataa: "Hapana Papa, ukishaitia wino inakuwa okazio, mwingine hataikamata tena." Namwambia basi mudogo, lete hata maji, maji inakauka, nione kama inashuka pa karatasi. Hapana. "Mwalimu, hii ni ya Ujerumani, na plime ni dhahabu ya karati 18, angalia weye mwenyewe, imeandikwa." Na kweli imeandikwa: 18KGP. Ile GP ya mwisho njo yenye kusema kila kitu, maana yake dhahabu imepakwa juu, kangozi kembamba tu, chini yake ni inoksi. Dhahabu ya kweli ya karati 18 ni sehemu 75 juu ya 100, na plime ya hivyo hata peke yake hauipate kwa dola 15 nchi yoyote. Na yale maneno "Iridium Point Germany" yenye banachora pa plime mingi za kutoka China, hayaonyeshe kama stilo ilitengenezwa Ujerumani, na ile punje ngumu pa ncha siku hizi kwa kawaida ni madini zingine ngumu, siyo iridiamu. Yaani siye bantu ba Katanga, muji umejengwa juu ya shaba, tunadanganywa juu ya madini na mutoto wa papetri!

Nikafika ku nyumba nikatia wino. Herufi ya kwanza haitoke. Naandika "Lubumbashi" inatoka "ubumbashi", naandika "Tarehe" inatoka "arehe", unarudilia, inakubali, unainua mukono kidogo kufikiri, ukirudi inakataa tena. Nikafungua kamera ya telefone nikaikuza pa ncha. Mukamate plime yoyote muiangalie hivyo mutaelewa: ina vijino viwili, katikati kuna mwanya, na ule mwanya lazima uende ukipungua mpaka pa ncha, na vijino vilingane urefu na kimo. Ya kwangu jino moja lilikuwa yulu ya lingine, kidogo tu, lakini hiyo kidogo njo yenye kukata wino na kukwaruza karatasi. Na ndani ilikuwa na mafuta ya mashine ya fabriki, juu hakuna mwenye kuisafisha mbele ya kuipakia. Nikaisafisha na maji ya vuguvugu na tone moja ya sabuni ya sahani, nikasukuma maji na pompu (kale kakuvutia wino ya chupa ndani ya stilo) mpaka ikatoka safi, ikaendelea vizuri kidogo. Lakini jino lililopanda sabuni hailishushe.

Narudi ku papetri na faktire. Kijana ananionyesha chini ya faktire, kashe nyekundu: kitu kilichouzishwa hakirudishwe wala hakibadilishwe. Sasa ndugu zangu, unakataa nipime mbele, na unakataa nirudishe nyuma, njo biashara gani hiyo? Hata viatu banakuacha uvae mbele ya kulipa.

Na hiyo ni plime tu, hatujafika ku kartushi (kale kachupa ka plastiki ka wino kenye kuingia ndani ya stilo). Nauliza kartushi, ananiambia "kartushi ni moja, zote zinaingia." BONGO. Kuna kartushi ndogo ya kawaida, ile fupi yenye marke mingi za Ulaya na za China zinakubali. Lakini Pilot iko na yake, Platinum iko na yake, Lamy yake, Parker yake, na moja haiingie mu ingine, ukiilazimisha unapasua shingo na wino inamwangika mu mufuko wa shati. Haiko siri, mutu yeyote mwenye kuuzisha hii kitu anapaswa kujua. Lakini bo banaleta stilo ya kartushi yake ya pekee, banaiuzisha na kartushi moja yenye iko ndani, ikiisha unaambiwa "zitafika mwezi ujao". Kartushi moja fupi haijaze hata mililita moja, mwalimu anaimaliza mbio. Kisha hapo stilo yako ya dola 15 inakuwa pambo la mufuko.

Kuna ujanja, nitausema hapa juu hakuna mwenye kuuzisha atakuambia: kartushi ikiisha usitupe. Nunua sindano mupya ku famasi, ile ya bei kidogo, vuta wino ya chupa, jaza kartushi tena, rudisha. Ukiona mudomo wa kartushi umelegea ubadilishe. Ni kazi ya dakika chache na chupa moja itakulisha muda murefu sana.

Shida ni hiyo chupa sasa! Mwenzangu ku masomo balimuuzishia wino ya kashe, ile ya kutia ku tampo, banamuambia "wino ni wino". Ile ya kashe ni nzito, haikauke haraka, inaziba mufereji. Mwingine balimupatia encre de Chine ya kuchora, ile ndani iko na gundi, ikikauka mu stilo ni mazishi, hata uiloweshe usiku muzima. Wino ya stilo ya wino ni wino ya stilo ya wino, hakuna ingine. Na hata hapo angalieni: ile bluu ya masomo yenye kufutika, ni muzuri kwa kaye ya mutoto, lakini usisainie nayo hati yoyote, tone moja ya mvua na jina yako imeenda.

Halafu bale ba videyo. Ooh hao ndiyo bananikasirisha kupita hata ba papetri. Mutu anafungua bwati, anageuza stilo mbele ya taa, anaandika jina yake mara moja pa karatasi nene nyeupe ya kulaini, anasema "stilo muzuri sana ya kila siku", amemaliza. Kila siku gani? Weye umeandika nayo siku moja? Mulete pa kaye zetu za kurasa 100, zile za karatasi ya kijivu yenye ukiigusa unasikia vumbi. Pale njo stilo inasema ukweli. Ile karatasi haina kinga ya kutosha juu yake, wino inakimbilia mu nyuzi, herufi inaota miguu pembeni, na ukigeuza ukurasa unasoma maandishi ya upande ule. Kosa siyo ya stilo yote, ni ya karatasi na wino na unene wa plime pamoja. Kwa kaye zetu kamata plime ya F (nyembamba) ao EF (nyembamba sana), acha M (ya katikati) na B (nene) kwa bale ba karatasi muzuri. Na ujue F ya Wajapani ni nyembamba kuliko F ya Ulaya, kwa hiyo herufi ni ile ile lakini mustari siyo ule ule. Ba videyo hakuna mwenye kusema hii.

Pia hakuna mwenye kupima kifuniko. Hapa kwetu mwezi wa sita, wa saba, wa nane hewa inakauka kabisa, vumbi kila mahali, plime ikibaki wazi wakati unaeleza somo ku tablo unarudi imekauka. Na hata ikiwa imefungwa, kifuniko chenye kuvuja hewa kinaikausha ndani ya wikendi. Platinum banatengeneza ile Preppy ya plastiki, bei yake ni dola chache tu, na kifuniko chake kiko na kikombe ndani cha kubana hewa, fabriki yenyewe inasema wino inakaa mwaka bila kukauka. Dola chache! Kumbe inawezekana. Halafu munatuletea chuma nzito ya kung'aa yenye haikumbuke kitu kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu.

Siseme zote za bei ya chini ni mbaya, musinitie maneno mu kinywa. Lamy Safari, yenye iko tangu 1980, inapita kidogo ile bei yangu lakini plastiki yake ni ngumu na mahali pa kukamata pako na pembe, bamoja banapenda, bamoja vidole vyabo vinakataa, na hiyo haujue mpaka uikamate. Kakuno ya Pilot waliitengeneza kwa batoto ba kuanza kuandika, hata baliichora kauso ka kucheka pa plime, na bakubwa banaandikia nayo bila haya. Za Jinhao, marke ya China, mingi zinakuja na pompu yake na zinakubali kartushi ya kawaida, lakini plime moja haifanane na ya pili yake, kwa hiyo hizo zaidi ya zote njo za kupima mbele ya kulipa. Tunarudi palepale: KUPIMA. Mutu apewe kiti, karatasi ya kaye ya kawaida, tone la wino, aandike mistari kumi bila kusukuma, aache plime wazi kidogo, aandike tena aone kama inaanza. Papetri ikitia stilo moja ya kupimia kwa kila aina, itapoteza nini?

NYONGEZA, juu naona majibu yameanza kumwangika:

Mwenye kusema "biki ya franka kidogo inatosha, mwalimu acha tabu". Sawa, tumia biki yako. Na kwa faktire ya karboni hata miye natumia biki, stilo ya wino haipitishe maandishi ku kopi ya chini juu hauisukume.

Yaya mwenye kuuliza juu ya mukono wa kushoto: inawezekana, lakini mukono wako unasukuma plime mbele na kisha unapita juu ya wino ingali mubichi. Tafuta plime nyembamba na wino yenye kukauka haraka, na weka mukono chini ya mustari, siyo juu. Mwanafunzi wangu moja anaandika hivyo na kaye yake ni safi kuliko ya bengine.

Weye mwenye papetri (naona umejificha na profil bila foto) mwenye kuandika kama "klienti baliharibu stilo zetu na kupima": weka moja ya kupimia. Nimeshaandika. Soma.

Na mwenye kuuliza kama ile nyeusi niliitupa, hapana, fundi moja wa saa alirudisha jino mahali pake na lupu yake na ukucha, sasa inaandika "Lubumbashi" na L yake. Lakini siyo kazi ya klienti kutafuta fundi wa saa kwa kitu kipya.

Sasa natafuta: wino ya chupa, bluu-nyeusi ao nyeusi, ya stilo ya wino kabisa, na kartushi fupi za kawaida. Mwenye kujua mahali, ikuwe mu komine ya Kenya, ya Kamalondo, ya Ruashi ao katikati ya muji, aweke bei hapa na aseme kama pale banaacha mutu apime.