Nimetoa kijiti cha uzazi, mwanangu wa kwanza ana mgongo wazi: vitamini ya foliki nianze lini, na kiasi gani?

MamaRaya_Kizingitini:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nawaomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limenikaa moyoni.

Binti yangu Raya ana miaka minne. Alizaliwa na mgongo wazi, uvimbe kama yai chini ya kiuno, na kabla ya arubaini kichwa kikaanza kujaa maji. Tukampeleka Mombasa, akapasuliwa mara mbili na kuwekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Alhamdulillahi yu hai, anasema na kila mtu apitaye barazani. Miguu ndiyo haina nguvu, na mkojo hauzuii.

Sasa tunataka wa pili. Kijiti nimekitoa wiki mbili zilizopita. Nilipojifungua Raya, nasi (muuguzi) mmoja aliniambia, "Ukitaka mimba nyingine, foliki uianze kabla." Hakueleza zaidi, nami neno hilo nimelihifadhi miaka yote minne. Juzi mume wangu alipopeleka kamba wa kuuza Amu (Lamu mjini) nikamwagiza apitie duka la dawa. Amerudi na vidonge vya manjano, miligramu 5. Wifi yangu alipewa kliniki vya mikrogramu 400, anasema hivi vyangu vimezidi zaidi ya mara 12 na vitaharibu mimba. Mavyaa naye anasema dawa ya mimba hainywi asiye na mimba, na ya Raya yalikuwa jicho la hasidi.

Ninywe au nisinywe?

BintMkomani:
Waaleikum salaam dada. Pole sana na hongera kwa kumlea Raya. Mimi nilikunywa hizo 400 tangu kliniki ya kwanza, mimba ikiwa miezi minne, na mtoto mzima. Hizo za 5 rudisha dukani, wifi yako amesema kweli.

NasiWaPwani:
Mamangu Raya, usirudishe kitu kwanza. Mimi ni mkunga, miaka mingi nimekaa chumba cha kuzalishia.

BintMkomani, najua umesema kwa nia njema, lakini ushauri wako si wa mama huyu. Mikrogramu 400 kwa siku ni za mwanamke ambaye hajawahi kupata mtoto wa namna hii. Aliyekwisha kumpata huhitaji kiasi kikubwa, miligramu 4 au 5, kwa cheti cha daktari. Kwake hatari ya jambo kurudi ni kama 3 katika 100, juu mno kuliko kwa mwanamke mwingine. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo mwaka 1991: wanawake 1,817 kutoka nchi 7, wote waliwahi kupata mimba yenye kasoro hii. Kwa waliokunywa miligramu 4 kila siku, kasoro ilipungua kwa asilimia 72. Haikuisha yote, nisikufiche, lakini ilipungua hivyo.

Na mavyaa umweleze kwa upole. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kufikia kama siku 28 tangu mimba kutunga. Piga hesabu: hedhi imechelewa wiki mbili, pengine hata hujapima, na mrija umeshafunga au umeshabaki wazi. Ndiyo maana mimba ya miezi minne foliki haifungi tena mgongo. Wakati huo husaidia damu tu. Inatakiwa mwilini angalau mwezi mmoja kabla, hadi wiki ya 12.

Kwa hivyo, kijiti kikiwa kimeshatoka, tumieni kondomu mpaka daktari akuone na mwezi huo upite. Mwambie pia kama una kifafa au sukari. Kuna dawa za kifafa, hasa valproeti, ambazo zenyewe huleta mgongo wazi, ila mtu asiziache bila daktari. Wala usikusanye vidonge vya multivitamini ili ufikishe kiasi. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto.

MamaRaya_Kizingitini:
Allah akulipe. Na ile SP ya malaria tunayopewa kliniki? Nimesikia haipatani na foliki.

NasiWaPwani:
Umeuliza la maana, na wengi huku pwani hawaliulizi. SP huua vimelea vya malaria kwa kuwanyima foliki. Ukimeza miligramu 5 huku unameza SP, hiyo SP huweza kushindwa. Mikrogramu 400 haina neno. Kwa mpango mzuri hazikutani: dozi kubwa inakoma wiki ya 12, SP inaanza wiki ya 13, nawe unaendelea na vile vidonge vya kliniki vyenye madini ya chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400. Mkumbushe daktari akuandikie tarehe ya kuacha.

Pojo_na_Nazi:
Niongeze la jikoni. Mchicha, kunde, pojo na mbaazi zina foliki, lakini ukichemsha mboga sana ukamwaga maji, nayo umeimwaga. Unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, sheria ya Kenya inataka uongezwe foliki tangu 2012. Unaosaga mwenyewe kinuni hauna. Hata hivyo, dada, chakula hakitafikisha kiasi unachohitaji wewe.

UmmuSalim_Matondoni:
Dada, wangu naye alizaliwa hivyo. Ana miaka tisa, anasoma. Na mimi niliambiwa jicho, nikaambiwa nilikanyaga mahali. Nililia mwaka mzima nikitafuta kosa langu. Hukukosa kitu, wala mume wako hakukosa. Wa pili nilianza foliki miezi mitatu kabla, akaja mzima. Wa kwangu hawezi kuwa ahadi kwako, najua, lakini nilitaka ujue kuna mwenzio alipita njia hiyo hiyo.

MamaRaya_Kizingitini:
UmmuSalim, nimekusoma huku machozi yananitoka. Nimemsomea mavyaa maneno ya nasi, lile la siku 28 akaniambia nirudie. Kisha akasema yeye atabaki na Raya.

Boti inaondoka alfajiri maji yakijaa. Vidonge nimevitia mkobani pamoja na karatasi za upasuaji, daktari wa Amu avione vyote.